Mchumia Juani, Hulia Kivulini: Kinga ya Miraa na Muguka dhidi ya Jua Kali katika Meru na Embu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchumia juani, hulia kivulini. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwahimiza watu wafanye kazi kwa bidii wangali na nguvu ili wapate kustarehe baadaye. Hata hivyo, katika maeneo ya Igembe na Tigania yaliyo katika Kaunti ya Meru, na katika nyanda za Mbeere zilizo katika Kaunti ya Embu, kuna zao linaloipindua methali hiyo. Mchumaji wa miraa hachumi juani iwapo ana hiari; huamkia shambani alfajiri ili amalize kazi jua lingali chini. Isitoshe, anayehitaji kivuli si mchumaji peke yake, bali pia lile chumo alilolibeba. Saa chache za jua kali zatosha kuligeuza zao la bei nzuri kuwa takataka.

Makala haya yanafafanua namna wakulima na wachuuzi wa maeneo hayo mawili wanavyoikinga miraa, na ndugu yake muguka, dhidi ya jua na joto. Hoja kuu ni kwamba kinga hiyo ni mnyororo mmoja unaoanzia chini ya mti wa kivuli shambani na kuishia kwenye jani la mgomba sokoni. Kiungo kimoja kikikatika, vingine vyote havifai kitu. Aidha, makala yanaonyesha kuwa maarifa haya yamehifadhiwa zaidi vinywani mwa wakulima kuliko katika maandishi, na kwamba jambo hilo linawahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Mmea Wenyewe na Hadhi Yake Kisheria

Miraa ni mti ambao wataalamu wa mimea huuita Catha edulis. Jina hilo la kisayansi lilitokana na kazi ya Peter Forsskål, msafiri na mtaalamu wa mimea aliyefariki nchini Yemen mwaka 1763, na ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 baada ya kifo chake. Muguka ni aina ya mmea huo huo. Tofauti iliyo wazi kwa mnunuzi ni kwamba miraa ya Meru huuzwa ikiwa vijiti vichanga ambavyo gome lake laini hubanduliwa na kutafunwa, ilhali muguka wa Embu huchumwa majani machanga na ncha zake laini.

Ni muhimu kutochanganya mazao haya na bangi. Bangi imeharamishwa nchini Kenya chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994. Miraa, kwa upande wake, ilitambuliwa rasmi kuwa zao la biashara kupitia marekebisho ya sheria ya mimea ya mwaka 2016, na kanuni za mwaka 2023 zikaugusa muguka pia. Nje ya Kenya mambo ni tofauti. Tanzania, ambako miraa huitwa mirungi, huihesabu miongoni mwa dawa za kulevya, na Uingereza iliipiga marufuku tarehe 24 Juni 2014. Kwa hiyo, mkulima wa Igembe au Mbeere analima zao ambalo ni halali nyumbani kwake na haramu kwa baadhi ya majirani zake.

Jua la Ikweta na Jani Changa

Mji wa Meru uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, nao mji wa Embu uko takriban nusu digrii kusini mwake. Katika eneo kama hili hakuna majira ya joto kama yale ya Ulaya, yanayokuja mara moja kwa mwaka na kuondoka. Jua hupita juu ya utosi mara mbili kila mwaka, mwezi Machi na mwezi Septemba, na halisogei mbali sana katika miezi mingine. Kinachobadilika ni mawingu na mvua. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, nazo za masika kati ya Machi na Mei. Kipindi kinachoogopwa zaidi ni kile cha Januari hadi katikati ya Machi, vuli ikiwa imekatika na masika haijaanza. Anga huwa nyeupe, umande hukauka mapema, na udongo huanza kupasuka.

Hata hivyo, maeneo haya mawili hayaathiriki kwa kiwango sawa. Mashamba mengi ya miraa ya Nyambene yako kati ya mita 1,500 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye udongo mwekundu wa volkano ulio na kina kirefu na unaohifadhi maji. Mbeere iko chini zaidi. Sehemu yake kubwa haifiki mita 1,200, na udongo wake aghalabu ni wa kichanga na wenye mawe. Mvua ile ile inayomtosha mkulima wa Maua kwa majuma kadhaa huenda isimtoshe wa Kiritiri au Ishiara hata kwa siku kumi.

Ili kuelewa kinga yenyewe, yafaa kwanza kueleza jinsi jua linavyoliumiza jani. Jani hujipoza kwa kutoa mvuke kupitia vitundu vidogo mno vilivyo hasa upande wake wa chini. Maadamu mizizi inapata maji, jani linaweza kustahimili jua kali kwa sababu mvuke unaotoka hubeba joto. Maji yakipungua udongoni, mmea hufunga vitundu hivyo ili usikauke. Hapo hujiokoa na kiu lakini hujitia katika janga jingine: jani haliwezi tena kujipoza, wala haliwezi kuvuta hewa ya kutengenezea chakula chake. Joto lake hupanda, kingo zake hugeuka kahawia, na ncha changa hunyauka. Majani makomavu yana ngozi nene yenye nta na huvumilia kwa muda. Majani machanga hayana kinga hiyo, na kwa bahati mbaya ndiyo hasa anayoyatafuta mnunuzi.

Mmea wenyewe haukosi mbinu. Vichipukizi vya miraa huwa na rangi nyekundu au ya zambarau kabla ya kukomaa na kuwa kijani. Wataalamu wa mimea hueleza kuwa rangi kama hiyo, inayoonekana katika majani machanga ya mimea mingi ya nchi za joto, husaidia kupunguza makali ya mwanga kwenye tishu ambazo bado ni laini. Mtafunaji huiona rangi hiyo kuwa dalili ya uchanga, ilhali kwa mmea ni mwavuli.

Kivuli cha Shambani

Kiungo cha kwanza cha mnyororo ni mti mwingine. Katika Nyambene, miraa haijazoea kuishi peke yake. Kwa miaka mingi imepandwa pamoja na migomba, mahindi, maharagwe na viazi vikuu ambavyo hutambaa juu ya miti iliyo hai, na juu ya vyote hivyo husimama miringa na migrivea. Mgeni anaweza kudhani kuwa huo ni msitu uliosahauliwa, kumbe ni shamba lililopangwa. Miti mirefu hupunguza kasi ya upepo mkavu, huchuja mwanga wa adhuhuri, na majani yake yanayoanguka huufunika udongo.

Pamoja na hayo, kivuli ni dawa inayohitaji kipimo. Mti wa miraa uliofunikwa kabisa huchipua kidogo, vijiti vyake huwa vyembamba, na unyevu unaokwama huvutia kuvu. Usipofunikwa hata kidogo huungua wakati wa kiangazi. Kinachotafutwa ni kivuli cha nusu siku. Kwa kuwa makali ya jua huwa kati ya saa sita mchana na saa kumi alasiri, na jua wakati huo limeelekea magharibi, mti wa kivuli uliopandwa upande wa magharibi wa shamba hufaa zaidi kuliko ule wa mashariki. Miraa hupata jua pole la asubuhi, kisha hupata hifadhi saa za hatari. Matawi ya mti huo hupunguzwa masika yanapoanza, mawingu yanapokuwa mengi, na huachwa yasongamane kiangazi kinapokaribia.

Mimea michanga huhitaji uangalizi zaidi. Miraa aghalabu huzalishwa kwa kutumia machipukizi yanayong'olewa kwenye shina la mti mkubwa wala si kwa mbegu. Chipukizi lililohamishwa lina mizizi michache na haliwezi kunywa maji ya kutosha kulipoza jani. Ndiyo maana hupandwa mwanzoni mwa mvua, majani yake mengine hupunguzwa ili kiu ipungue, na hutengenezewa kibanda kidogo cha matawi au makuti ya mgomba hadi litakaposhika. Katika vitalu vya kisasa, neti ya kivuli hufanya kazi iyo hiyo.

Katika Mbeere hali ni ngumu kidogo. Mti mkubwa wa kivuli uliopandwa penye udongo mkavu huweza kugeuka mshindani, ukanywa maji ambayo muguka ungeyanywa. Hapo mkulima hulazimika kuchagua miti michache yenye mizizi mirefu, kuitenganisha kwa nafasi pana, na kutegemea zaidi kiungo cha pili, yaani maji na matandazo.

Maji na Matandazo

Jua haliliumizi jani pekee. Huupika pia udongo ambamo mizizi midogo ya juu inaishi. Matandazo, yaani nyasi kavu, mabua ya mahindi au majani ya mgomba yanayotandazwa chini ya mti, huukinga udongo kama paa la makuti linavyoikinga nyumba. Udongo uliofunikwa huwa baridi zaidi mchana, hupoteza maji polepole, na mvua ya kwanza inaponyesha huipokea badala ya kuiacha itiririke. Jambo la kuzingatia ni kutoyarundika matandazo hadi yakaligusa shina, kwa maana unyevu hapo huozesha gome na kuwaita mchwa.

Maji nayo yana saa zake. Yanayomwagwa adhuhuri hupotea kwa mvuke kabla hayajaifikia mizizi. Yanayomwagwa jioni au alfajiri hupata muda wa kuzama. Mashimo mapana yaliyotiwa samadi huhifadhi maji zaidi kuliko shamba tambarare, na mabomba ya matone huwezesha kiasi kidogo kwenda mbali.

Hapa ndipo lilipo suala zito la maisha. Wakati wa mvua miraa na muguka huchipua kwa wingi na bei huporomoka. Wakati wa kiangazi vichipukizi huwa haba na bei hupanda. Jua, kwa hiyo, humnyang'anya mkulima mavuno katika majuma yale yale ambayo yangemlipa vizuri. Mwenye kisima, bomba au shamba lililo kando ya mto huvuna karo ya watoto. Jirani yake asiye na maji huitazama bei nzuri kwa mbali. Hali hii ilijitokeza bayana wakati wa ukame ulioikumba Kenya na majirani zake kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ikafuatana bila kuleta mvua ya kutosha. Mbeere na Meru Kaskazini ni miongoni mwa maeneo kame yanayofuatiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame, na huko tofauti kati ya shamba lenye maji na lisilo na maji ni tofauti kati ya shibe na njaa.

Alfajiri ya Mavuno na Jani la Mgomba

Kiungo cha tatu ni saa ya kuchuma. Usiku mmea hurejesha maji uliyoyapoteza mchana, hivyo kichipukizi kinachokatwa alfajiri huwa kimejaa maji na huchelewa kunyauka. Kinachokatwa saa nane mchana huwa tayari kina kiu, na baada ya kukatwa hakina mzizi wa kukinywesha.

Kwa nini haraka yote hii? Jibu liko katika kemia. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilibainisha katika majani mabichi kiini kiitwacho kathinoni, ambacho ndicho kichangamshi kikuu cha miraa. Kiini hiki hakidumu. Jani linapokauka hubadilika na kuwa viini vingine hafifu, kikiwemo kathini. Ndiyo sababu miraa hupoteza thamani yake siku mbili tatu baada ya kukatwa, na ndiyo sababu joto, ambalo huharakisha kukauka, ni adui mkubwa wa mchuuzi.

Hapo ndipo jani la mgomba linapoingia. Vijiti hupangwa na kufungwa katika kifungu kidogo kiitwacho shurba. Shurba kumi hufanya bunda, ambalo pia huitwa kitundu. Mabunda hufungwa kwa majani mabichi ya mgomba, hukazwa kwa kamba zitokazo kwenye mgomba huo huo, kisha hutiwa katika magunia ambayo aghalabu hunyunyiziwa maji. Jani la mgomba ni pana, lina nta isiyopitisha maji kwa urahisi, na lenyewe limejaa maji. Huzuia mwanga, huufungia unyevu ndani, na linapotoa mvuke wake hupoza kilichomo. Gunia la plastiki nalo hufunga unyevu, lakini hufunga na joto pia. Mzigo hutoka jasho, huchacha na kuoza. Kwa sababu hii majani ya mgomba yenyewe yamekuwa bidhaa katika masoko kama la Maua, na uuzaji wake umewapa wanawake wengi riziki katika biashara ambayo sehemu zake nyingine zimeshikwa na wanaume. Mgomba unaoikinga miraa shambani kwa kivuli chake, huikinga tena safarini kwa jani lake.

Kutoka Maua hadi Nairobi ni karibu kilomita 300. Magari madogo ya mizigo huzikimbia kilomita hizo kwa mwendo ambao umewahi kuwagharimu watu maisha yao. Kasi hiyo inayolaumiwa na wengi ina chanzo chake katika kiini kile kisichodumu. Kuchelewa kwa nusu siku ni hasara, na kufungwa kwa soko ni msiba. Somalia ilipofunga milango yake mwezi Machi 2020, na kuifungua tena Julai 2022, miraa haikuweza kuwekwa ghalani ikingoja siku njema kama yawekwavyo mahindi. Hakuna jani la mgomba linaloweza kuikinga miraa kwa miaka miwili.

Kivuli katika Lugha

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mnyororo huu una somo jingine. Katika miji ya Kenya miraa huitwa pia gomba. Neno hili linatupeleka moja kwa moja kwenye mgomba, mmea ambao majani yake huifunga. Huu ni mfano mzuri wa taashira, ambapo kitu hutajwa kwa jina la kingine kinachoambatana nacho. Kilichofunikwa kimechukua jina la kifuniko chake. Msemaji wa mitaani ambaye hajawahi kufika Nyambene anaitaja teknolojia ya mkulima kila anapolitamka neno hilo, bila ya kujua.

Aina za miraa nazo zina majina yanayostahili kuchunguzwa. Kangeta ni jina la mahali lililogeuka jina la bidhaa. Giza ni neno la Kiswahili lililopewa kazi mpya. Alele na mbaine hutajwa na wachuuzi wa lugha mbalimbali kana kwamba ni maneno ya lugha zao. Vijana nao wana veve na jaba, na kutokana na hilo la pili wamepata msemo wa stori za jaba, yaani masimulizi marefu yasiyo na ushahidi. Msamiati huu umevuka mipaka ya Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kisomali na kukutana katika Kiswahili cha sokoni.

Msamiati wa shambani, hata hivyo, haujapata bahati hiyo. Namna za kivuli, viwango vya kunyauka, hali za udongo wakati wa kiangazi na majina ya miti inayofaa kupandwa na miraa yangali katika Kimeru na Kimbeere, na wanaoyajua zaidi ni wazee. Afisa wa kilimo anayeandika maelekezo kwa Kiswahili hulazimika kukopa kutoka Kiingereza dhana ambayo tayari ina jina kijijini. Chuo Kikuu cha Chuka, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na Chuo Kikuu cha Embu viko mwendo mfupi kutoka kwenye mashamba hayo. Ukusanyaji wa istilahi hizo ungekuwa tasnifu zenye manufaa kwa isimu na kwa kilimo.

Hitimisho

Imebainika kuwa kuikinga miraa na muguka dhidi ya jua si tendo moja bali ni mfululizo: mti wa kivuli upande wa magharibi, matandazo chini, maji ya jioni, mavuno ya alfajiri, jani la mgomba na mwendo wa haraka. Mkulima anayekata miti yake ili aongeze mashina ya muguka anajiongezea mavuno ya msimu wa mvua, wakati bei iko chini, na kujipunguzia ya kiangazi, wakati bei iko juu.

Ni haki pia kusema kuwa kuhifadhi ubichi ni kuhifadhi nguvu ya kichangamshi chenyewe. Mnamo Mei 2024 kaunti kadhaa za Pwani, Mombasa ikiwa ya kwanza, zilipiga marufuku muguka kwa hoja ya kuwalinda vijana wao. Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku hiyo kwa muda, nayo serikali kuu ikasema kuwa inakinzana na sheria ya nchi. Mzazi wa Mombasa anayehofia usingizi, afya na masomo ya mwanawe ana hoja. Mkulima wa Mbeere ambaye mahindi yake yameungua na ambaye amebakiwa na muguka tu, naye ana hoja. Mjadala huo hautamalizwa na jani la mgomba. Lakini wanaoujadili, hasa wale wanaoujadili kwa Kiswahili, watanufaika wakijua kwanza kazi inayofanywa kabla ya jua kuchomoza, na majina ya vitu vinavyotumika kuifanya.